Wokmani Iliyotekwa Masaki

Nilikasirika. Naliandika neno hili peke yake, bila mapambo, kwa sababu nimelikana muda mrefu mno mbele ya watu wengi mno. Nilimkania mama yangu mzazi, nikamkania wifi yangu, nikamkania na binti yangu ambaye wala hakuwa ameuliza. Mtani wangu alinivua wokmani kiunoni mbele ya harusi nzima, akatangaza kwamba ameiteka, nami nikakasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nacheka, ndiyo. Wapo watu watakaoapa kwamba walinisikia. Lakini kicheko kile kilikuwa cha meno tu.

Kukasirika si ajabu. Angekuwa mwizi ningepiga kelele na kusaidiwa. Taabu ni kwamba alikuwa mtani. Sisi ni Wasukuma; wazazi wangu walihamia Gwata na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mtani wangu ni Mzaramo wa Kisarawe, dada mkubwa wa mke wa kaka yangu. Kati ya watu wetu na watu wao kuna utani wa tangu enzi za mababu, na utani huo unampa ruhusa ya kuniita mshamba mbele ya wakwe, kukalia kiti changu, kuchukua sahani yangu ya pilau nikiwa nimeshashika kijiko, na kuteka kitu changu chochote mpaka nije nikikomboe kwa maneno matamu au kwa kioja. Mimi nami nina ruhusa hiyo hiyo kwake. Ruhusa ambayo hakuna kati yetu aliyepewa ni ya kununa. Anayenuna utani anakuwa hadithi, na hadithi hiyo husimuliwa kwenye misiba na harusi mpaka wajukuu wake waisikie.

Nina shahada mbili. Hakuna hata moja iliyonisaidia.

Niieleze wokmani yenyewe, maana najua kuna vijana watakaosoma hapa wakadhani ni chombo cha jikoni. Ni kisanduku cha rangi ya fedha iliyochujuka, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa na mtu mkarimu. Unafungua kimlango, unaingiza kaseti, unafunga, unabonyeza, unavaa spika masikioni, na dunia inakuacha kwa amani. Yangu ina kitufe chekundu cha kurekodia, na kitufe hicho ndicho kilichonifanya niinunue nilipokuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, kutoka kwa dada mmoja aliyekuwa anamaliza masomo. Muhula ule nilikula maharage mpaka mpishi wa kantini akaanza kunihurumia. Wenzangu walinunua viatu vya kuendea disko. Mimi sikuwa na haja ya kwenda disko. Nilikuwa nimeifunga kiunoni.

Waandishi wa rika langu wakianza kukumbuka kaseti, aya ya pili lazima ifike kwenye kalamu ya kuzungushia ukanda. Nimeamua kuwahurumia wasomaji, kalamu naiacha. Ninachokumbuka zaidi ni betri. Tulizianika juani juu ya bati la banda la kuku, ati zipate nguvu, na kweli zilipata, za kutosha wimbo mmoja na nusu. Betri zilipokuwa zinakata roho, muziki ulizeeka. Kijana aliyeanza ubeti wa kwanza kwa sauti nyembamba ya mapenzi alimaliza wimbo akiwa babu, akimbembeleza mpenzi wake kwa sauti ya mtu anayetafuta fimbo yake. Tulicheka, kisha tukazitoa betri tukaziuma kwa meno, jambo ambalo leo daktari angelifanyia semina.

Likizo nilirudi Gwata na wokmani na kaseti tupu. Redio ya baba ilikaa juu ya kabati la vyombo. Niliiweka wokmani mbele yake, kidole juu ya kitufe chekundu, nikasubiri mtangazaji amalize kusoma kadi za salamu za watu wanaowasalimu wajomba zao wote popote pale walipo. Nilikuwa nimetoa amri nyumba nzima inyamaze. Nyumba ilinyamaza. Zizi halikunyamaza.

Katika wimbo nilioupenda kuliko zote, wimbo wa dansi wa taratibu, mwimbaji anamuuliza mpenzi wake kwa uchungu amemkosea nini. Kisha vyombo vyote vinatulia kidogo, kama kumpa mwanamke nafasi ya kujibu. Katika kaseti yangu mwanamke anajibu. Ni mama yangu, kutoka uani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wa ng'ambo ya bonde: "Weee! Huyo ndama! Anakula mbegu!" Kisha ng'ombe analia, mara moja, kwa kirefu. Kisha gitaa linaendelea, kana kwamba limeridhika na jibu.

Siku ile nililia. Niliona wimbo umeharibika na maisha yangu pamoja nao. Lakini sikuwa na kaseti nyingine, kwa hiyo nilirudi nao chuoni hivyo hivyo, nikausikiliza kwenye foleni ya chakula, kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya kupanga foleni. Sikumbuki ni lini ndama aliacha kuwa kasoro. Ninachojua ni kwamba miaka mingi baadaye, nikiwa mama mwenye miwani na maoni, binti yangu aliniwekea wimbo huo huo kwenye simu, safi kabisa, umesafishwa na mitambo. Mwimbaji akauliza amekosa nini. Vyombo vikatulia. Nikasubiri. Kimya. Halafu simu ikalia *ting*, kamati ya harusi inakumbusha wajumbe kuhusu kikao cha saa kumi.

Sina ugomvi na simu. Makala zangu naziandika humo, na ndiyo inayonionyesha njia ninapopotea, jambo ambalo hunitokea hata Kibaha niliko miaka yote hii. Ila simu inanipigia muziki kama jirani anayekukaribisha chai huku akichungulia pochi yako. Katikati ya ubeti kuna mtu kwenye kundi la ukoo ametuma picha ya maua na salamu za asubuhi. Bando linaisha. Tangazo la dawa ya meno linaingia. Na simu yenyewe, ikishajua kwamba napenda nyimbo za zamani, inaniletea nyingine inazodhani zinanifaa, kama mpwa anayekuchagulia mchumba.

Kwa hiyo asubuhi nikienda kutembeza magoti yangu barabarani, simu nilikuwa naiacha nyumbani na wokmani naifunga kiunoni. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinizoea. "Mama, hiyo mashine ya presha inasemaje leo?" mmoja aliniuliza kila nilipopita. Nilimjibu kwamba presha inacheza vizuri, iko upande wa pili.

Sasa harusi. Alikuwa anaolewa binti wa kaka yangu, na sherehe ilifanyika upande wa mama yake, Masaki. Namaanisha Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, si ile ya Dar yenye mabalozi. Mimi ndiye shangazi, hivyo kazi yangu ilikuwa kuvaa sare, kukaa mbele na kuonekana nina furaha. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini shangazi wa bibi harusi aende harusini na wokmani kiunoni. Ni kwa sababu kipande cha mwisho cha safari unapanda bodaboda katikati ya mikorosho, na sijaona kitu kizuri kama mikorosho inayokupita pande zote mbili huku gitaa likipiga. Nilipofika nilizishusha spika shingoni, nikaanza kukumbatiwa, nikasahau.

Mtani wangu hakusahau. Ni mwanamke mwembamba, amenizidi umri kidogo, analima mihogo na kuuza kisamvu kilichotwangwa, na ana sauti isiyohitaji kipaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeketi chini ya turubai aliposimama mbele yangu na kushika kiuno.

"Jamani! Shangazi mgonjwa! Msukuma kaja harusini na dripu!"

Wageni wakageuka.

"Uoneni mrija wenyewe. Unatoka kiunoni unapanda shingoni. Wanakutilia nini humo, we mtani? Maji au maziwa?"

"Maziwa!" akajibu mama yangu kutoka kwenye jamvi la wazee, akiwa amefurahi waziwazi.

"Basi leo kaachishwa!" Akanyoosha mkono, akachomoa wokmani yangu, akaiinua juu watu wote waione. "Nimeteka! Haitoki Masaki mpaka ikombolewe kwa ng'ombe mzima, mwenye pembe, tena anayejua njia, maana mimi simfuati!"

Vigelegele vilipigwa mpaka mpiga picha akaacha maharusi akaja kwetu. Ilikuwa zamu yangu. Ukishatekwa, watu wote wananyamaza kusubiri jibu lako, na jibu likiwa zuri wanaweza hata kukurudishia kitu chako hapo hapo. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tutajadiliana."

Sidhani kama Msukuma amewahi kutoa jibu baya kuliko hilo katika ardhi ya Wazaramo.

"Tutajadiliana!" mtani akapiga kofi. "Mleteeni meza na ajenda!"

Wakati wa kurudi, mama alinitazama njia nzima. Mwishowe akasema, "Umenuna."

"Sijanuna, mama."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Jua."

Jua lilikuwa limeshazama.

Mama aliona haya kwa niaba yangu, akaamua kuchukua usukani. Baada ya siku chache alinipigia kutoka Gwata. "Mpelekee samli," akasema. "Mwambie ng'ombe yumo humo ndani, amechoka na safari, amelala." Nilicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu harusi, nikamkabidhi wifi chupa ya samli aipeleke kwa dada yake. Jibu lilikuja kwa simu siku iliyofuata, mtani mwenyewe, bila salamu.

"Ng'ombe wako nimemkagua. Hana kwato, hana mkia. Nimemkaangia maandazi ya mtaa mzima na hakulia hata kidogo. Huyo si ng'ombe, mtani. Huyo ni uvumi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeendelea na mchezo. Angetuma pembe moja, aahidi kwamba iliyobaki iko njiani inatembea kwa miguu. Lakini mimi nilikuwa naikosa wokmani yangu. Asubuhi nilitembea na simu, na simu ikanitangazia vifo vya watu nisiowajua. Kijiwe cha bodaboda kiliniuliza kama presha imepona. Nilichoka, na mimi nikichoka natafuta suluhisho, ugonjwa nilioambukizwa chuoni.

Nilienda dukani nikanunua redio mpya ya kuchomeka flashi, yenye taa ubavuni na kioo cha jua mgongoni, na flashi yenyewe nikaijaza nyimbo za zamani nyingi kuliko anazoweza kuzimaliza mtu mwenye shamba. Nikamkabidhi wifi aipeleke Masaki. Kisha nikamtumia mtani ujumbe wa sauti. Nauandika hapa kama nilivyousema, kwa sababu ni adhabu ninayostahili: "Shikamoo dada. Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Naomba upokee zawadi hii ndogo, na kama itakupendeza, naomba unirudishie ile wokmani yangu. Samahani sana kwa usumbufu."

Niliusikiliza tena nikauona mzuri. Binti yangu, aliyekuwa anapita na sahani ya ubwabwa, alisimama.

"Mama. Umempa mtani shikamoo?"

"Amenizidi umri."

"Umemwomba samahani? Mtani?"

"Ni adabu ya kawaida."

Alinitazama kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni, dereva akiwa anapiga mluzi. Kisha akaenda zake na ubwabwa wake.

Masaki ikanyamaza. Hakuna simu, hakuna tusi. Nilijiambia kwamba mtani anafurahia redio. Ikapita wiki, ikapita nyingine, halafu wifi akaja kwangu Kibaha na boksi mkononi. Redio ilikuwa humo, gundi ya boksi haijabanduliwa.

"Kakasirika?" nikauliza.

"Hajakasirika, wifi. Afadhali angekasirika." Wifi alikaa, akaliweka boksi magotini kama mtu aliyekuja kuposa akakataliwa. "Kasikitika. Kasema, kumbe na yule mama tulikuwa tunafanya biashara."

Nililichukua boksi nikalisukuma chini ya meza.

"Wokmani yako utaipata," akaendelea. "Jumamosi anakuletea mwenyewe. Kafua baibui lake zuri. Kasema atakuja, atabisha hodi, atakuamkia vizuri, atakukabidhi kitu chako kwa mikono miwili, halafu ataaga."

Wifi alilieleza jambo hili kwa upole, na ungekuwa mgeni ungedhani ni habari njema. Nilichokuwa nakililia kilikuwa kinakuja mpaka mlangoni. Lakini mtani akikubishia hodi na kukukabidhi kitu kwa mikono miwili, mtani hayupo tena. Anabaki mama mmoja wa Masaki mnayeheshimiana. Mtakaa meza tofauti kwenye harusi na kuulizana hali ya hewa. Nilimpigia mama.

"Umemlipa?" mama akauliza. "Umemlipa *mtani*?"

"Nilitaka tumalize."

"Ndiyo umemaliza." Nilisikia ng'ombe nyuma yake. "Nenda leo. Akiwahi kukuamkia, sina dawa."

Siku hiyo hiyo nilikwenda Masaki. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa na utangulizi, hoja kuu na hitimisho, na nilipofika kwenye njia ya kwao nilikuwa nayarudia kwa sauti ya chini kama mtahiniwa. Nilimwomba dereva wa bodaboda anisubiri chini ya mkorosho, nikazunguka nyuma ya nyumba kwa sababu mbele palikuwa pamefungwa.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anamenya mihogo. Wokmani ilikuwa imening'inia kwenye fundo la khanga yake. Spika zilikuwa masikioni juu ya kilemba, na alikuwa anaimba kama wanavyoimba watu wote waliovaa spika, yaani kwa kelele na bila aibu, akidhani anaimba moyoni.

Ulikuwa wimbo wangu. Aliuimba ubeti wa kwanza akikosea kidogo palepale ninapokosea mimi, kwa sababu hapo ukanda una mkunjo na neno halisikiki. Alimuuliza mpenzi wake amemkosea nini, kisu kikiwa hewani. Kisha akatulia, vyombo vinatulia. Kisha akainua kichwa na kupaza sauti, kwa lafudhi ya mama yangu mzazi, ya Usukumani kabisa, na ukali wote:

"Weee! Huyo ndama! Anakula mbegu!"

Akalia kama ng'ombe, mara moja, kwa kirefu. Halafu akaingia ubeti wa pili bila kupoteza mdundo, kisu kikarudi kwenye muhogo.

Hakuwa anachekesha mtu. Hapakuwa na wa kumchekesha. Alikuwa anauimba wimbo kama ulivyo.

Nilisimama pale karibu na kinu chake nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Miaka yote nilidhani wimbo ule, ule wenye ndama, una mwenyewe mmoja duniani. Binti yangu anaujua ule safi. Hata mama, ambaye ndiye mwimbaji wake mkuu, hajawahi kuusikia. Na huyu hapa, katikati ya maganda ya mihogo ya Masaki, alikuwa ameujifunza kwa njia pekee inayowezekana, kwa kuurudisha nyuma na kuuanza tena, kurudisha na kuanza, mpaka sauti ya mama yangu ikaingia kwenye koo lake. Ile hasira niliyoikana muda wote, nilipoitafuta sasa ili hatimaye niikiri, sikuiona ilikokwenda.

Nilikuwa na utangulizi, hoja kuu na hitimisho. Ningemgusa bega, akashtuka, akavua spika, tukaombana radhi kama wanawake wa baraza. Badala yake nikauona mchi wake wa kisamvu umesimama ndani ya kinu, mrefu, mweusi kwa mikono ya miaka.

Nikauchukua.

Nilinyata nao mpaka njiani, na kwa umri wangu kunyata na mchi si jambo dogo. Nyuma yangu mwimbaji alikuwa amefika kwenye kiitikio. Dereva wa bodaboda alinitazama nikija.

"Mama, kuna ugomvi?"

"Hakuna. Huyu ni mateka."

Alifikiri kidogo. Alikuwa kijana wa hapo hapo, na nadhani alishaelewa ni wa nyumba gani. "Basi mlaze mapajani, mama. Ukimsimamisha atagonga matawi."

Jinsi nilivyoufikisha mchi ule Kibaha sitasimulia yote. Inatosha kusema kwamba kondakta mmoja alitaka kujua kama unashuka na mimi au unaendelea, na kwamba kijiwe cha bodaboda kilisimama chote kwa heshima. Niliulaza kwenye kochi la sebuleni. Binti yangu alirudi, akauona, akaniona.

"Usiuguse," nikamwambia. "Umetekwa."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alinitazama kama mtu mwenye mama wa kawaida.

Kisha nikaiweka simu mezani nikaikodolea macho, mimi niliyekuwa naikimbia asubuhi zote. Ikaleta maua ya kundi la ukoo. Ikaleta dawa ya meno. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea tena, kwamba anahesabu Jumamosi ifike, sasa ana sababu mbili za kuvaa baibui. Nilikwenda kupika, nikarudi. Nilikuwa nimeshika mwiko ilipolia.

"Haloo?"

"Wewe mwizi wa Kisukuma!"

Sijawahi kusalimiwa vizuri namna hiyo.

"Mchi wangu uko wapi?"

"Uko kwenye kochi," nikasema. "Unaangalia televisheni."

"Na mimi kisamvu nikitwange na nini? Kichwa chako?"

"Kichwa changu si huwa unasema hakina kitu?"

"Ndiyo nakitaka, kikavu kinatwanga vizuri! Mtu mzima unaingia uani kwangu kama paka, bila hodi, bila hata kuomba maji, unaondoka na mchi! Majirani wamekuona, wanasema kapita mama wa miwani kabeba mti! Nani kakulea wewe?"

"Si umemsikia mwenyewe kwenye wimbo?"

Kisha nikasikia pumzi ikikatika, halafu kicheko kikaanza chini na kupanda mpaka nikaiondoa simu sikioni. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ulikuwa umesimama hapo?" akasema alipoweza. "Tangu wapi?"

"Tangu ubeti wa kwanza. Unalia vizuri kuliko ng'ombe wetu."

"Siku ile ya harusi," akasema, bado anavuta pumzi, "ulinuna."

"Nilinuna."

"Nilijua! Uso umevimba kama andazi. Na leo?"

"Leo nina mchi."

"Haya, sikiliza. Jumamosi siji. Baibui nimelirudisha sandukuni. Na hiki kidude chako sikuletei ng'o, nimeshakizoea."

"Ukileta sifungui mlango."

"Ila ile redio yenye taa, mtani, ile ungeniachia. Huku kwangu giza."

"Ungeiteka ningekuachia. Wewe ukairudisha kwenye boksi kama karani."

"Ulinipa shikamoo! Nilidhani nimekufa!" Nikamsikia anapanga jambo. "Yule binti mdogo wa kaka yako anaolewa lini?"

"Hana hata mchumba."

"Mtafutieni upesi. Sherehe iwe kwenu Gwata. Nakuja nimeivaa hii kiunoni, juu ya sare, mrija mpaka masikioni, na nakaa mbele kabisa. Ukiwa mwanamke, njoo uivue."

"Na mchi?"

"Njoo nao," akasema. "Utauhitaji kunifikia."

Akakata simu bila kuaga.